Makande Yaliyonirudisha Darasani Suji

Wakuu wa baraza hili la wasomaji, nawasalimu kwa heshima. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na aibu yangu sitaificha.

Mimi ni mwalimu hapa Suji. Nilipotoka chuoni nilipiga marufuku makande ya mahindi na maharage, mboga ya mnavu na karanga nyumbani kwangu. Niliviita vyakula vya washenzi.

Nikaamuru ugali wa sembe nyeupe kutoka Hedaru, mchuzi mwepesi, na chai ya sukari. Pumba tuliwatupia kuku.

(Naam, mtu aliyesoma vitabu vingi anaweza kuwa mjinga mezani.)

Kiangazi kilipofika, ngozi ya mikono yangu ikawa nyeusi, ikapasuka, ikabambuka. Shingoni weusi huo ukanizunguka kama kola. Nilipaka mafuta ya kila aina, bure.

Kamati ya shule ikanong'ona: ukoma.

Mwenyekiti akanijia. "Mwalimu, weka chaki chini kwanza. Wazazi wanaogopa."

Nikajua: nisipopona, darasa limenitoka.

Nikashuka Same. Mganga wa zahanati alinichunguza kwa makini.

"Si ukoma," akasema. "Unakula nini?"

Nilipomweleza akatikisa kichwa. Ngozi hujengwa kutoka ndani, alisema; mwili wangu umekosa vitamini zilizomo katika karanga, maharage na mboga za majani.

Nikaenda kwa dada yangu mkubwa, Nakundwa, kumweleza. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umeshuka mlima mzima kwenda kuambiwa urudi kwenye chungu changu?"

"Dada, nisamehe."

"Kula kwanza! Kuku wako wananawiri kwa pumba, wewe msomi unabambuka."

Nikala makande ya karanga, na mnavu pembeni, wiki baada ya wiki. Nyufa zikafunga, weusi ukapungua.

Nikasimama mbele ya kamati na barua ya mganga, mikono ya shati nimeikunja hadi kwenye viwiko. Wakanirudishia darasa.

Mjumbe mmoja hakuridhika. "Lakini hayo makande, Mwalimu, kayale ndani. Usituaibishe mbele ya wageni."

"Nitayala mlangoni mwa darasa," nikamjibu, "kila mtoto aone."

Na ndivyo nifanyavyo.

Nilichojifunza ni hiki: ustaarabu unaomtaka mtu aonee haya chakula cha mama yake ni utumwa uliovaa tai.

Anayepinga aandike hapa, kwa jina lake kamili. Nitamjibu, nikishamaliza bakuli langu.