Matundu Manne ya Chini

Proscovia wa Buhehe amevusha mizigo ya watu kichwani, kutoka Busia ya Uganda hadi Busia ya Kenya, kwa miaka ishirini na mbili, na sasa shingo imekataa. Akiitwa kwa nyuma hageuzi kichwa, hugeuza mwili mzima. Ukimuuliza hali atakujibu yupo tu, na kweli, yupo tu.

Alasiri, akishautua mzigo wa mwisho, huketi barazani na kushona mabegi ya mitumba. Mkono anao, hilo hata wasiompenda wanakubali. Wateja wake ni akina mama wanaoleta samaki, hasa ngege, kutoka ziwani Majanji, na wao begi huliulizia jambo moja tu: linavuja? Likivuja, maji ya samaki humtiririkia mwenye boda mgongoni, naye humshusha mama na ngege wake njiani bila haya. Kwa hiyo Proscovia hulijaza begi maji, akalitundika msumarini, akanywa chai yake taratibu. Chai ikiisha na chini bado pakavu, begi limefaulu.

Ndipo akaja Emong, Mteso wa upande wa Kenya, anayewapeleka wageni kuvua kwenye mito ya baridi ya Mlima Elgon. Uvuvi wenyewe ulimshinda Proscovia kuuelewa. Mtu mzima na akili zake anapanda ndege, anasimama mtoni maji yakimfika kiunoni, anarusha uzi wenye manyoya yaliyofungwa yafanane na nzi, na samaki akidanganyika anapigwa picha kisha anarudishwa majini. Proscovia aliuliza mara mbili kama anarudishwa mzima. Alipoambiwa ndiyo, alitikisa kichwa kadiri shingo ilivyomruhusu.

Emong alitaka mabegi sita ya safari hizo. Akiyapenda, alisema, kila msimu atachukua kwake, na yakichanika atamletea yeye ayashone. Neno hilo Proscovia alilisikia kwa shingo, si kwa masikio. Kazi ya kukaa! Angewaachia wengine mizigo ya kichwani.

Bahati ikamwangukia. Robota la mitumba alilofungua wiki ileile lilikuwa na mabegi sita ya namna moja, marefu, yenye vijifuko vingi na mfuko mmoja mwembamba ubavuni ambao yeye aliona ni wa mwavuli. Kasoro ilikuwa moja. Chini ya kila begi kulikuwa na matundu manne yenye vipete vya chuma. Aliwasikitikia Wazungu, wanaotupa begi zima kwa sababu ya matundu manne, akakata mpira wa tairi akaanza kuziba. Siku tano, mabegi matano, gundi ndani na uzi nje, vidole vikitoka damu. Siku ya sita usingizi ulimchukua sindano ikiwa mkononi. Begi la mwisho alilisukuma nyuma ya gunia, aibu imemjaa.

Emong alifika asubuhi. Alipima ule mfuko wa mwavuli akaufurahia, kwani fimbo za kuvulia hutenganishwa vipande vinne na zingeingia humo sawasawa. Alivuta zipu moja moja, akavaa mkanda begani kuona kama unakata. Kila alipoitikia kwa kichwa, Proscovia alijiona ameketi.

Kisha Proscovia akataka kumwonyesha kwamba hayavuji. Akalijaza begi maji, akalitundika.

"Mabegi yangu nashika maji," alisema. "Hata tone moja hapana toka."

Emong aliinama, akapapasa viraka vile vya mpira, vilivyoshonwa vizuri kuliko begi lenyewe. Akapunguza sauti, maana ni kijana aliyelelewa.

"Mama, mimi nataka yatoke," alisema. "Viatu vya wageni vinarudi humu vimelowa chepechepe. Maji yakibaki humo, kufika kesho vimeoza."

 Proscovia alikaa chini polepole, sehemu moja ya mwili baada ya nyingine. Alichoka pale kuliko alivyowahi kuchoka na mzigo wowote, kwa sababu mzigo angalau hutuliwa. Emong alivuta kiraka cha begi jingine, na gundi ile nzuri ikang'oa kitambaa. Viraka havitoki, basi hayo matano sasa yangewafaa akina mama wa samaki tu.

Mwishowe alinyoosha mkono nyuma ya gunia.

"Iko ingine," alisema bila kumtazama. "Hii mimi nashindwa. Nachoka tu."

Emong alilipindua, akaona matundu manne na vipete vyake, akacheka kwa furaha. Akalitia begani palepale. Mengine matano, alisema, atayangoja hadi robota lijalo.

"Lakini tafadhali, Mama," alisema, "yakija, usiyafanye kitu. Yaache hivyo hivyo, wewe pumzika."

Akaenda zake. Proscovia alibaki na sindano mkononi. Tangu azaliwe Buhehe ameambiwa lima, beba, vuka, shona, harakisha, lakini neno hili la leo, pumzika, alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu. Hakujua neno hilo hutendwaje. Alipochungulia chini ya lile begi la msumarini, palikuwa pakavu kabisa. Akaanza kulia.