Mashine ya Posho ya Rapsu

Ukame wa miaka ya sabini ulipomaliza ng'ombe wetu, tulihamia Rapsu kulima. Mahindi tulivuna, lakini mashine ya kusaga ilikuwa ya tajiri mmoja wa dukani. Mtu akikosa pesa alisagiwa kwa ahadi ya mbuzi, na akichelewa, mbuzi mmoja aligeuka wawili.

Wazee wa msikiti wakasema hiyo ni riba. Kila boma likatoa mnyama aliyebaki, tukanunua mashine yetu. Faida tungegawana, hasara pia, na wajane wasio na kitu wangesagiwa bure.

Baba ndiye aliyefundishwa kuiendesha, nami nikajifunza kwake. Siku moja mkanda wa mashine ulimvuta mkono ukamvunja vidole. Kuanzia hapo kazi ikawa yangu. Niliwaomba wanawake wenzangu wajifunze, lakini walikuwa wameuona mkono wa Baba.

Mume wangu alikuwa amepata kazi Nairobi. Alikuja kunichukua.

"Funga vitu vyako," akasema. "Lori linaondoka kesho."

Jioni ile imamu akaja na wazee wawili.

"Binti yangu, hakuna atakayekuzuia," akasema kwa upole. "Lakini ukienda, wajane wetu watarudi kwa yule tajiri."

Afadhali angenifokea. Ningemjibu. Nilimtazama Baba aseme neno, naye akatazama vidole vyake vilivyovunjika. Mume wangu akaniuliza mbele yao, "Mimi nimekuoa wewe au nimeoa kijiji?"

Asubuhi alipanda lori peke yake. Mimi nilikuwa nazungusha hendeli ya kuwasha mashine, na foleni ya wanawake ilikuwa imeshafika nje. Walinishukuru sana siku hiyo. Kila shukrani ilikuwa kama mlango mwingine unafungwa.

Mashine ilifaulu. Tajiri alifunga yake, tukafungua na duka la ushirika. Mume wangu alirudi baada ya mwaka, akakaa na Baba kwa heshima, akasema ameoa mke wa Nairobi na mimi ananipa talaka.

Miaka ilipita kabla wajane wawili hawajajipa moyo wakajifunza kuendesha mashine. Imamu akaniambia, "Sasa unaweza kwenda popote, binti yangu."

Nilifuta unga kwenye nyusi. Sikuweza kufikiria hata mahali pamoja pa kwenda.