Maji ya Kumwogeshea Lugano

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mdachi, kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa safari ya kwenda kutembelea ndugu Ukinga ilizungumzwa msimu mzima. Ukinga si mbali; milima yake ilisimama nyuma ya nyumba yetu. Lakini kwetu sisi watu wa joto ilikuwa nchi nyingine kabisa, nchi ya ukungu na ya watu wanaolala wamekumbatia moto. Mdogo wake mama aliolewa huko na mhunzi wa majembe, na tangu aende dada hawa hawakuonana. Mama mdogo hakujaliwa mtoto. Kila mchuuzi wa majembe aliyeshuka alituletea salamu zilezile: nileteeni Lugano nimwone.

Lugano alikuwa mdogo wangu. Alikuwa hajaanza kutembea, mnene, wa kucheka na kila mtu.

Baada ya mavuno baba alipata nafasi, maana hakuna aliyekuwa akimtafuta kwenda kubeba mizigo ya serikali. Mama akafunga vyungu alivyofinyanga, vya kubadilishana na majembe. Asubuhi ya kuondoka, Bibi, mama mzaa baba, akatoka na kichungu kidogo kilichofunikwa jani la mgomba.

"Haya maji ya ziwa, mwanangu," akamwambia mama. "Mtoto asioge maji ya ugenini yasiyomjua. Kila ukimwogesha, chota humu kidogo, halafu..."

"Mama, hayo tuliyaacha siku ya ubatizo," mama akasema, kwa upole, lakini akasema.

Bibi akafunga mdomo. Akakirudisha kichungu chake nyuma ya mlango, nasi tukaondoka. Mpaka leo natamani mmoja wetu angemwuliza: halafu nini?

Mama mdogo alitupokea kwa kicheko na machozi. "Ndaga, dada! Ndaga fijo!" alishukuru, akamnyakua mtoto na hakumtua hata alipokuwa akisonga ugali wa ulezi. Baba, meno yakigongana kwa baridi, akamtania shemeji yake mhunzi kwamba watu wa mlimani huoga siku ya kuzaliwa na siku ya kuoa. Mhunzi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa, kwetu mtoto huogeshwa alfajiri, ziwani. Saa hizo maji ya ziwa yana uvuguvugu kuliko hewa, na mtoto akitiwa humo hujinyoosha kwa raha. Mama hakuwahi kujua maji mengine. Basi kesho yake, kabla wenyeji hawajaamka, alitaka dada yake amkute Lugano anang'aa. Akambeba mpaka kwenye kijito nyuma ya mianzi, nami nikafuata na kaniki ya kumfutia. Lugano alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza.

"Jikaze, mwanaume," mama akamwambia akicheka, akammwagia tena.

Mchana uleule kifua kilimbana. Mama mdogo alipojua alikoogeshwa alishika kichwa. "Kijitoni, dada? Kijitoni?" Mhunzi akaacha majembe ya watu, akatuhamishia kiwandani kwake, akaketi anavukuta moto kwa ajili ya mtoto tu. Haukusaidia. Lugano alikata roho mikononi mwa mama mdogo, yule aliyemwomba kwa salamu zote zile, na tukamzika hukohuko kwenye ukungu.

Tuliposhuka Bibi alikuwa uani. Aliuona mgongo wa mama hauna kitu. Aliingia ndani, akakitoa kile kichungu nyuma ya mlango, akakiinjika motoni. Maji yalipopata moto akayachanganya na mengine, akamvua mama nguo za safari, akaanza kumwogesha, mtu mzima yule, kama mtoto mchanga.

Maji yalipomfika mabegani, mama akainua uso.

"Mama," akasema, "kumbe huwa mnayapasha?"

"Maji yaliyolala, mwanangu, nani atamwogeshea mtoto bila kuyapasha?"

Hapo ndipo mama alipolia. Kule mlimani alikuwa bado hajalia.

Mimi leo ni mzee. Kama maji humjua mtu au hayamjui, sijui, na mchungaji wetu hapendi nikiuliza. Ninachojua ni kwamba mama alimkatiza Bibi kwa sababu alimpenda Mungu wake mpya kwa moyo wote, na sijawahi kuweza kumchukia mama, wala Mungu, wala Bibi kwa kunyamaza. Nimebaki na uchungu tu, usio na wa kumwangukia.

Wadogo zangu waliofuata wote waliogeshwa maji ya moto, katika joto hili letu ambalo hata mbwa hukimbilia kivulini. Majirani walimcheka mama. "Mama Lugano, unamwogesha mtoto au unampika?" Naye alicheka nao kidogo, kisha akatumbukiza kiwiko majini, akatulia, akaongeza kuni.