Vaa Hilo Tikiti, Mwanangu

Nakumbuka siku moja ya usichana wangu ambayo sijakusimulia, Habibu mwanangu, na leo nitakusimulia, maana ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza asubuhi na haukunipendeza. Baba yako yuko sebuleni na redio yake, anangoja habari za michezo za wikiendi. Akinisikia naitaja siku hii atanuna. Na anune.

Unasema huko Kanada wenzako wa kazini wanakudharau. Wanapenda ule mpira wao uliochongoka kama yai, wanaoukimbiza kwa mikono, na siku ya mechi wanakomba tikiti maji na kulivaa ganda lake kichwani kama kofia. Wewe nawe wakakuchongea la kwako, wakakuletea mpaka nyumbani. Ukalitupa. Tangu hapo kila Jumamosi unajifungia ndani, na sasa unataka kuacha kazi uhamie mji mwingine ambako huna mtu. Kabla hujafunga begi, nisikilize mama yako.

Wakati huo baba yako alikuwa mchumba wangu. Ni mtu wa Masasi, hilo unalijua. Alikuja hapa Tabora kufanya kazi kwenye karakana ya reli, hana ndugu hata wa kumwazima chumvi. Posa ilishapokelewa, ilibaki kupanga siku tu. Alikuwa mpole na msafi, na kosa lake lilikuwa moja: aliipenda timu ya kwao kusini, wala hakuficha.

Sasa, hapa mtaani kwetu Ng'ambo tulikuwa na desturi. Timu yako ikifungwa, Jumapili jioni redio ikishasoma matokeo, mashabiki wa walioshinda wanakuja mlangoni kwako kuweka tanga. Ndiyo, tanga kabisa. Wanatandika mikeka, wanawake wanajitanda kanga, wanaangua kilio: "Marehemu alikuwa na miguu, jamani, mbona hakuitumia?" Nawe mfiwa unatakiwa utoke, upokee pole, uwape watu kahawa. Kiongozi wa vilio alikuwa Shangazi Tausi, dada wa baba yangu, muuza karanga. Sauti yake ilitosha kuamsha mtaa mzima.

Basi timu ya Masasi ikafungwa na timu ya mjini kwetu, tena vibaya. Watu wakabeba mikeka wakaenda. Baba yako akachungulia dirishani, akaona anavyoliliwa, akatia komeo na kuzima taa. Wakalia pale, wakaingoja kahawa, haikuja. Wakakunja mikeka yao wakaondoka.

Kuanzia kesho yake hakuna aliyemtania tena. Sokoni walimsalimia, "Habari za kazi, bwana," wakapita. Mwenyewe alidhani wameshika adabu. Mimi mtoto wa mji nilijua kwamba ameshahesabiwa mpita njia.

Haukupita muda akaja nyumbani kuaga. Alikuwa ameomba uhamisho. Akamwambia babu yako kwamba mambo yakitulia atarudi kumalizia suala la ndoa. Kila mwanamke anajua maana ya "mambo yakitulia." Mimi nilikuwa uani napepeta mchele. Nikauacha ungo chini nikalia, wala sikujificha.

Shangazi Tausi alikuwapo. Akamuuliza, "Unahama kwa nini, Saidi?"

"Shangazi, watu wa hapa wananidharau. Wamekuja kunicheka mlangoni kwangu. Na wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha."

"Walisema kweli. Lakini hapa aliyedharau ni nani? Sisi tulikaa vumbini mbele ya mlango wako, tukakulilia mpaka koo zikakauka. Wewe ukatufungia. Nimezeeka katika mji huu, sijaona mfiwa anayewafungia mlango waliokuja kumlilia. Wewe ndiye uliyetudharau, baba."



Shangazi hakuwa mtu wa kumaliza haraka. "Mji huu ni wa misafara. Babu zetu walipokea watu kutoka pwani na kutoka Ujiji, hawajui mtu katokea kwa nani. Mgeni alitupiwa neno la utani. Akilirudisha, basi ni wetu, hata akifa tunamzika sisi. Akinyamaza, anapewa maji ya kunywa, anakwenda zake. Sisi tulikutupia neno, na mpaka leo tunangoja jibu."

Nashukuru Mungu timu ya Masasi mwaka ule ilikuwa mbovu. Jumapili iliyofuata ikafungwa tena. Safari hii hakuna aliyekwenda kumlilia, walishakata tamaa naye. Jioni akaja kuniazima kanga, hakusema ya nini. Kumbe kajifunga kibwebwe, kashika birika la kahawa, anakwenda moja kwa moja barazani kwa Shangazi Tausi. Akajibwaga chini akalia: "Mimi mjane jamani, marehemu kaniacha tena, na mara hii hata kuugua hakuugua! Na ninyi ni majirani gani, msiba wa pili huu, hata pole hakuna?"

Shangazi alicheka mpaka akamwaga karanga zake. Watu walitoka majumbani na vikombe. Mmoja akambatiza jina, Mjane wa Masasi, na wazee wa reli wanamwita hivyo mpaka leo. Ndiyo maana hapendi nisimulie. Uhamisho alikwenda kuufuta mwenyewe, na mvua za mwaka ule zilitukuta tumeshaoana.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Si kila kicheko ni utani. Anayekuvika tikiti huku kichwa chake kitupu, huyo anakuonea, na mkubwa wa kazi aambiwe. Lakini ile picha ya wenzako uliyonitumia nimeikuza kwa kidole nikaitazama vizuri. Wote wamevaa, mpaka yule mzee mwenye ndevu. Hao hawakukudharau. Wanakuuliza kama wewe ni wao, nawe umewanyamazia. Ukitaniwa na mtu anayekubali kutaniwa, mjibu. Ukijibu vibaya watakucheka tena, hakuna ubaya, ndivyo watu wanavyozoeana. Ukiendelea kunyamaza watakuheshimu, na heshima ya namna hiyo utaila peke yako chumbani.

Jumamosi hii nunua tikiti, lichonge kwa mkono wako, ulivae uende. Waambie kwenu Tabora, kule mashambani Ziba, yanalimwa matamu kuliko hayo yao, na watu wenye akili huyala, hawayavai. Kisha uone watakavyokurukia.

Mungu akulinde na baridi ya huko. Akujaalie watu wa kukucheka ukiwa mzima na kukuuguza ukiwa mgonjwa, maana mimi niko mbali, mwanangu, mkono wangu haufiki.