Uji Usio na Picha ya Mtoto

Baba alipohamia kwetu Kariakoo, baada ya mama kufariki, alikuja na begi moja, dawa zake za kisukari na msimamo wake: hali chakula cha peke yake. Ukimpikia kando, anakisogeza. "Mimi si mgonjwa wa wodini," anasema. Basi ikanibidi nitafute uji mmoja wa asubuhi utakaotufaa sote, yeye aliyekatazwa sukari na wanangu ambao bila utamu hawakai mezani.

Nilianza na unga wa lishe wa dukani. Mfuko ulikuwa na picha ya mtoto mnene, mashavu hayo! Baba akaitazama picha, akanitazama mimi. "Huyu ndiye mimi?" Siku hiyo alikunywa maji matupu, nami nikakasirika kweli kweli, maana mzee yule alikuwa mbishi kuliko watoto.

Nikashuka sokoni. Muuza nafaka, mama wa Kichaga mwenye maneno mengi, akaniuliza, "Dada, unga wa nani? Wa mtoto au wa mgonjwa?"

"Wa nyumba nzima, na mzee wangu ana kisukari."

"Basi soya tuiache, watoto watakukimbia. Chukua ulezi, mtama na karanga kidogo. Utamu weka ndizi mbivu, moja tu, mzee asije akazidiwa."

Nikazipeleka mwenyewe mashineni kusaga, nikarudi na unga kwenye mfuko mweupe usio na picha yoyote.

Kesho yake nikapika, nikatia na iliki. Watoto walinuna kidogo, wakanywa. Baba akaonja, akacheka. "Uji huu sukari imeupungia mkono tu." Lakini kikombe alikimaliza, na tangu hapo tukawa tunakunywa pamoja. Asubuhi zile nikizikumbuka roho inaniuma.

Kisha akaanza kusahau. Alisahau kama ameshaswali, akasahau majina ya wajukuu. Mimi hajanisahau, nilijipa moyo, maana bado aliniita "mama". Ndivyo akina baba wa kwetu pwani wanavyowaita binti zao, tena mimi nimepewa jina la mama yake.

Asubuhi moja alionja uji, akauweka chini.

"Mama, mbona leo hukutia sukari?"

Sauti ilikuwa ndogo, ya kudeka. Hapo ndipo nilipoelewa ni mama yupi aliyekuwa akimwita, pengine tangu siku nyingi.

"Natia sasa hivi, baba," nikamjibu. Sikubadilisha neno. Kwetu mama naye humwita mwanawe wa kiume "baba", kwa hiyo alisikia alichotaka kusikia. Nikatia sukari kijiko kizima, daktari aseme atakavyo.

Akanywa mpaka mwisho. Machozi yalinitoka, sikuweza kuyazuia, naye akayaona, akanishika mkono.

"Usilie, mama. Kesho sitoroki tena madrasa."