Sahihi Niliyoweka Kabla Moto Haujawaka

Nilistaafu ualimu nikiwa na macho mekundu ya moshi. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kitale, nilikuwa nimepikia kuni tangu nilipoolewa, na kuni zenyewe zilikuwa zimeanza kuwa shida kupatikana. Kwa hiyo siku chifu alipotangaza barazani kwamba serikali inatoa ruzuku kwa wenye maboma wanaotaka kujengewa mtambo wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe, niliinua mkono kabla hajamaliza kusoma masharti.

Masharti yalionekana mepesi. Uwe na ng'ombe wa kutosha, uchimbe shimo mwenyewe, ulete mawe na mchanga, na uambatanishe nakala ya hatimiliki kuonyesha boma ni lako. Simiti na malipo ya fundi ni juu ya serikali. Fundi mwenyewe hukumchagua. Alitoka kwenye orodha ya ofisi ya mradi, na wetu alikuwa mtu wa Kanduyi, kule Bungoma.

Mume wangu hakuipenda habari ya hatimiliki. Ujana wake alikuwa mwashi, baadaye akawa mtunza stoo kwenye ghala la mahindi mjini, na shamba hilo alilinunua kidogo kidogo kwa miaka mingi. "Mwalimu," aliniambia, maana hata nyumbani huniita hivyo, "hiyo karatasi sipendi ikae kwa ofisi ya watu." Lakini jioni hiyo alinikuta nikipuliza moto huku machozi yakinitiririka. Kesho yake alienda mwenyewe kutoa nakala, akaipeleka.

Fundi alikuwa mcheshi na mwepesi wa mikono. Shimo tulilochimba nyuma ya zizi alilijenga ukuta wa matofali, akalifunika kwa kuba, juu akaacha shingo nyembamba yenye kifuniko cha zege. Wiki ya tatu simiti ikaisha. Siku hiyo mume wangu alikuwa ameenda mazishini. Fundi alinifuata jikoni na fomu mkononi.

"Mama, kazi imebaki ya siku mbiri tu. Lakini ofisi hairipi mpaka mwenye boma asaini kwamba mtambo unawaka. Weka sahihi hapa. Nikiripwa nanunua simiti, Jumanne niko hapa kumariza."

"Lakini hauwaki," nikamwambia.

"Utawaka, mama. Si wewe uko hapa, na mimi niko hapa?"

Nilikuwa nimefundisha watoto nusu ya maisha yangu wasome swali lote kabla ya kujibu. Nikaweka sahihi kwenye fomu ambayo sikuisoma hadi chini. Akanipa nakala yangu, akaondoka akipiga mluzi. Mume wangu aliporudi sikumwambia. Nilijisemea nitamwambia Jumanne, kazi ikiisha.

Fundi hakuja Jumanne. Alikuja wiki mbili baadaye, akapiga plasta haraka haraka, akaunganisha bomba hadi jikoni, akatuelekeza tujaze kinyesi na maji, akaaga. Mwezi ulipokaribia kwisha moto uliwaka. Ulikuwa wa bluu, mzuri kuutazama, ukatosha kuchemsha chai ya watu wawili kisha ukazima. Kesho yake ukawaka kwa muda mfupi zaidi. Wiki iliyofuata haukuwaka kabisa, na ukisimama karibu na zizi ulisikia harufu ya mayai yaliyooza. Simu ya fundi ikawa haipatikani.

Hapo ndipo nilipoitoa nakala ya fomu nikaisoma hadi mwisho. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba mimi mwenye boma ninathibitisha mtambo unafanya kazi, na kwamba ikionekana vinginevyo, ruzuku yote itarudishwa na aliyesaini. Juu yake kulikuwa na namba ya shamba letu. Nilikaa kitandani na ile karatasi mapajani. Sikujua kama serikali inaweza kuchukua shamba la mtu kwa sababu ya mtambo. Sikuwa na wa kumuuliza bila kueleza nilichofanya.

Siku chache baadaye ofisi ikatuma ujumbe kwamba wakaguzi watapita maboma yote mwezi huo. Kuanzia hapo, kila pikipiki iliyopunguza mwendo langoni ilinifanya niache nilichokuwa nikifanya na kusikiliza. Nilikuwa nikipepeta maharagwe, naacha. Nikiongea na mtu, napotea katikati ya mazungumzo. Mume wangu aliniuliza kama ni presha. Nikamwambia labda.

Yeye naye alikuwa akiuchunguza mtambo. Alipaka maji ya sabuni kuzunguka shingo, akaniita nione mapovu yakitokea. "Kuna ufa hapa. Huyu mtu hakupiga plasta ya ndani vizuri. Nikitoa huo uji wa kinyesi, nifungue kifuniko, niingie, hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

"Ngoja kwanza nimtafute fundi," nikasema. "Ni kazi yake."

"Mtafute. Mimi nitakuwa natoa uji polepole."

Alitoa kwa ndoo siku mbili. Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote kuhusu kuingia mle. Kwetu sisi lilikuwa shimo kama shimo la choo, na hayo mume wangu amejenga mangapi sijui. Siku ya tatu asubuhi nilimwacha akichekecha mchanga, nikaenda Bungoma.

Pale Kanduyi nilionyeshwa kibanda cha fundi, si mbali na uwanja wa michezo. Kilikuwa na kufuli lenye vumbi. Mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki pembeni alinitazama nikilishika lile kufuli.

"Ni mambo ya gesi?" akaniuliza. "Huyo mnamtafuta wengi. Hajaonekana tangu ile shida ya hapo kwa geti nyeusi. Enda uongee na huyo dada."

Nilienda. Aliyenifungulia alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Nilipotaja fundi hakuniuliza mimi ni nani. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mabati makuukuu yaliyokandamizwa kwa mawe makubwa.

"Ilikuwa inavuja," alisema. "Ofisi wakasema tungoje fundi, fundi hashiki simu. Mume wangu akasema ataziba mwenyewe. Akateremka na ngazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo ulipo, tunaongea. Ananiambia nimletee mwiko mdogo. Akanyamaza katikati ya maneno."

Niliyatazama yale mawe juu ya mabati.

"Hakupiga kelele, mama. Nilifikiri ameinama. Ndugu yake akaingia kumtoa, na yeye akalala juu yake. Walikuja kutuambia baadaye kwamba mle ndani hakuna hewa ya mtu. Hata kama umetoa kinyesi chote, ile hewa mbaya inabaki chini. Ukivuta mara mbili umekwisha."

Nilikuwa tayari nimeshatoa simu. Ya mume wangu ililia hadi ikakata. Nikapiga tena. Ikalia tena hadi ikakata. Vidole vyangu vilikuwa vinateleza kwa jasho, na yule dada akaichukua simu mkononi mwangu, akaniuliza nani mwingine yuko karibu na kwetu. Nikamwambia ni jirani yangu, mama anayeuza maziwa. Akatafuta jina akapiga, akaniwekea sikioni.

"Mwalimu, sasa?" jirani akasema, sauti yake imechangamka.

"Wewe na mzee wako kimbieni kwangu, kwa lile shimo la gesi. Mume wangu asiingie. Na kama ameingia..." Nilisimama hapo. Yule dada alikuwa akinitazama usoni, na nilijua anachotaka niseme, kwa sababu ndicho ambacho hakuna aliyemwambia yeye. "Kama ameingia, msimfuate. Umenisikia? Hata ukimwona amelala chini, mtu asiingie. Mvuteni mkiwa juu."

"Mwalimu, unasema tumwangalie tu?"

"Asiingie mtu. Niahidi."

Aliniahidi. Nimesema mambo mengi magumu maishani, nimewapelekea wazazi habari za watoto wao, lakini sijawahi kutamka maneno mazito kama hayo. Nilikuwa nimemwambia mtu amwache mume wangu afe.

Yule dada alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenishika mkono juu ya kiwiko, kama anayemsindikiza mgonjwa. Niliingia gari la kwanza la Kitale. Jirani hakushika tena simu. Ya mume wangu ilikuwa inalia bila majibu. Nilipita Webuye sikuiona. Nakumbuka abiria wa mbele yangu alikuwa akisimulia bei ya mahindi na watu wakicheka, nami nikiwachukia wote kwa kuweza kucheka. Nilijaribu kuomba, maneno hayakukaa kwa mpangilio. Nilichokuwa narudia ni hesabu: nilimwacha saa moja, mchanga unachekechwa nusu saa, plasta inachanganywa robo saa, basi saa mbili kasorobo alikuwa tayari. Nilimpigia jirani saa tano.

Tulipofika Kiminini simu ililia.

"Tuko naye nje," jirani akasema. Alikuwa anahema. "Anapumua. Haongei lakini anapumua. Tunampeleka hospitali."

Nilivyoelezwa baadaye ni hivi. Mchanga ulikuwa na mawe mengi, kwa hiyo alichelewa kuuchekecha, na simu alikuwa ameiacha ndani ya nyumba. Goti lake la kushoto lina shida ya muda mrefu, na kwa kuogopa lisimteleze ngazini alijifunga kamba kiunoni na kuifunga upande wa pili kwenye nguzo ya zizi. Alikuwa ameshuka vipandio vitatu tu jirani na mumewe walipofika, wakitoka shambani kwao kwa mbali. Walimkuta ananing'inia kwenye ile shingo, kichwa kimelala kifuani, ndoo ya plasta imeshadondoka chini. Mume wa jirani alitaka kuruka ndani amkumbatie. Mkewe alimshika shati likachanika. Wakavuta kamba wote wawili.

Hospitali ya Kitale walimwekea hewa. Siku ya kwanza hakunitambua. Siku ya pili alinitambua lakini aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Siku ya tatu aliomba uji wa wimbi, akanywa vijiko vinne. Nikaona siwezi kuendelea kubeba lile jambo. Nikafunga pazia la kitanda nikamwambia yote: fomu, sahihi, yale maandishi ya chini.

Alikuwa anatazama dari.

"Nilijua," akasema. Ulimi wake ulikuwa bado mzito. "Ofisi walinipigia kuuliza kama gesi inawaka, maana wewe umesaini. Nikawaambia inawaka. Halafu nikaona wakaguzi wanakuja, watasema Mwalimu amedanganya. Nikasema niuzibe ufa kabla hawajafika."

Nililia mbele ya wagonjwa wa watu. Yeye alijaribu kuinua mkono anishike, haukufika.

Mkaguzi alikuja wiki mbili baada ya mume wangu kutoka hospitali, msichana mpole mwenye tableti. Aliisoma, akatutazama. "Hapa imeandikwa mradi umekamilika na mwenye boma ameridhika." Nikamwambia si kweli, na kwamba sahihi ni yangu. Nilimwonyesha shimo, nikamwonyesha mume wangu, aliyekuwa ameketi kivulini akishikilia kikombe kwa mikono yote miwili. Msichana aliishusha tableti yake. Alisema fomu yake ina sehemu ya ndiyo na sehemu ya hapana, haina mahali pa jambo kama hilo, lakini ataandika barua pembeni. Nikamuuliza kama tutanyang'anywa shamba. Akasema hafikirii. Hakusema hapana.

Nikamuuliza kama tunaweza kulifukia shimo. "Bado, mama. Mtambo ni wa serikali mpaka faili lifungwe."

Kwa hiyo tuliishi nalo. Tulizungushia senyenge, tukaweka miiba juu ya kifuniko, na bado nilikuwa nikitoka kila mara kuangalia kama iko mahali pake. Wajukuu hatukuwaruhusu kuja likizo hiyo, wala iliyofuata. Nilimwita jirani aje tunywe chai, kumshukuru, na katikati ya chai akaniuliza, bila kunitazama, "Mwalimu, angekuwa ameshafika chini, kweli ungetaka tusimame tu?"

Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akamalizia kikombe chake, na tangu siku hiyo hatujalizungumza tena. Mumewe hupita kwa mbali kidogo siku hizi. Simlaumu.

Barua ilikuja mahindi yakiwa yameshavunwa. Ilisema faili limefungwa, hakuna kitakachodaiwa, na mwenye boma ana ruhusa ya kuuondoa mtambo kwa gharama yake. Haikutaja fundi. Tuliita watu wa lori la udongo wa murram. Walivunja kuba kwa nyundo ndefu wakiwa nje, mmoja mmoja, wakaliacha shimo wazi upepo upite kwa siku kadhaa, kisha wakamwaga udongo hadi ukawa sawa na ardhi.

Mume wangu alitazama kazi hiyo akiwa dirishani. Anatembea vizuri sasa, ingawa hasikii harufu ya kitu chochote, hata ya vitunguu. Ng'ombe hupita juu ya pale mahali kila jioni wakiingia zizini. Yeye huzunguka kwa upande wa ua, ingawa ni mbali zaidi, na mimi humfuata nyuma kwa njia hiyo hiyo.