Majani ya Kinywani mwa Ng'ombe wa Jirani

Mimi nina majivuno, sikatai. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilirudi nyumbani, juu kidogo ya Tengeru, nikijiona daktari kamili wa mifugo. Ng'ombe wetu mmoja tu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyonisomesha, alikuwa na kidonda mguuni. Bila kumuuliza mama, nikachukua vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini, nikavifungua, nikakoroga unga wake na maji nikamnywesha.

Kesho yake ng'ombe hakucheua. Keshokutwa hata mgomba uliokatwakatwa hakuugusa. Maziwa yakakauka. Nami nikajifanya nashangaa.

Mama akanichukua hadi kwa jirani. Tukaamkia shikamoo, akaomba alichotaka, kisha akasubiri ng'ombe wa jirani acheue. Alipoanza tu, mama akamtia mkono kinywani, akachomoa yale majani mabichi yenye mate.

"Mama, jamani! Huu si ushamba?"

"Shika pembe, msomi."

Tuliyakoroga kwa maji ya vuguvugu tukamnywesha wetu. Asubuhi tatu mfululizo. Ya nne nikamkuta amelala zizini, taya linazunguka polepole, anacheua. Nililia, tena kwa sauti.

Sababu nilikuja kuijua darasani. Mgomba umejaa sukari, ila imefungamana katika minyororo mirefu ambayo ng'ombe mwenyewe hawezi kuikata. Wanaoikata ni vijidudu vya tumboni mwake, kwa vimeng'enya wanavyotoa. Wao hula ile sukari, na wanachokiacha ndicho kinachomlisha ng'ombe. Dawa yangu, ya kuua vijidudu vya kidonda, ilikuwa imewaua na hao. Mama alikuwa amewaazima wengine kwa jirani.

Nikaamua kulijaribu jambo hilo maabarani. Nilikamua maji ya majani yaliyocheuliwa, nikayachuja mpaka vijidudu wakabaki juu na vimeng'enya vikapita, nikayamwaga kwenye chupa yenye unga wa mgomba mkavu. Chupa ya pili niliweka unga ule ule na maji matupu. Baada ya kuziacha kwenye joto, nikatia ile dawa ya buluu inayopima sukari, nikachemsha. Ya maji matupu ikabaki buluu. Yangu ikageuka rangi ya tofali. Mwalimu akauliza wazo nimelitoa kitabu gani. Nikamjibu kwa sauti, darasa zima lisikie: "Kwa mama yangu, mfugaji." Sijawahi kujivunia mtu kiasi kile.

Jumamosi nikampelekea mama ile chupa ya rangi ya tofali, nikamweleza ilivyogeuka. Akaigeuzageuza kwenye jua, akacheka.

"Kumbe nilikuwa sahihi!"

"Sahihi kabisa, Mama." Kisha yakanitoka. "Mama, ni mimi niliyemharibu. Nilimpa vidonge."

"Najua. Maganda yake niliyakuta zizini siku ile ile."

"Sasa mbona hukunigombeza?"

Akanirudishia chupa yangu, akachukua ndoo ya kukamulia.

"Ng'ombe nilijua namna ya kumponya. Wewe ungeogopa kugusa mnyama tena, ningekuponya na nini?"